Uzi kwa waandaaji wa ziara za vikundi Mwanza: ratiba yako ndiyo inayokanyaga mafuta

Mpanda Miamba (mleta uzi)

Wakuu, mwangaluka. Heshima kwenu nyote.

Kazi yangu ni kuandaa ziara za vikundi kutoka hapa Mwanza. Nabeba kwaya, vikoba, walimu, watumishi wanaomuaga mwenzao anayestaafu, na mara nyingine ukoo mzima. Tunakwenda Serengeti kupitia geti la Ndabaka, Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma, Ukerewe, Saanane. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, upande wa Sengerema na Geita nako simu za wateja hazikatiki. Kazi hii naipenda, na ninaandika kwa sababu likizo inakaribia na tayari nimeanza kuona ratiba za waandaaji wapya zikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Moja ilininyima usingizi.

Ilisema hivi: kuondoka Buzuruga saa 10 alfajiri, Ndabaka saa 12 asubuhi, kuzunguka hifadhini hadi saa 12 jioni, kurudi Mwanza saa 2 usiku. Kosta moja, dereva mmoja.

Piga hesabu. Kutoka mjini hadi Ndabaka ni kama kilomita 140. Kwa saa mbili, dereva anatakiwa awe na wastani wa 70 bila kusimama popote. Mwisho wa mwendo kwa basi la abiria ni 80, na kila penye makazi ni 50. Njia ile ina Kisesa, ina Magu, ina Nassa, ina Lamadi, na kati ya hapo kuna ng'ombe wanaovushwa wakati wowote mchungaji anapoamua. Aliyeandika ratiba ile ameshamwagiza dereva avunje sheria kabla hata hajamjua jina. Na akishazunguka naye hifadhini mchana kutwa kwenye vumbi na makorongo, anamtaka awarudishe watu gizani akiwa na saa 14 kazini.

Najua anavyofikiri huyo mwandaaji kwa sababu niliwahi kufikiri hivyo hivyo.

Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka kwaya Ndabaka, watu 27. Dereva alikuwa mcheshi, gari safi, spika nzuri. Nilimuuliza kuhusu mafuta, nikamuuliza kuhusu kiyoyozi, nikamuuliza kama ana nyimbo za injili. Mchana kila kitu kilikwenda vizuri. Tulipofika kwenye mamba wa Mto Grumeti watu hawakutaka kuondoka, nami nikaona si vyema kuwakatisha. Tukatoka getini kwa kuchelewa. Nikamwegemea dereva nikamwambia: "Kaka, jitahidi, watu wana kazi kesho."

Maneno sita. Sijayasahau.

Lamadi tulipita wanaimba. Kabla ya Nassa sauti zilikuwa zimekatika, wote wamelala. Na mimi nilikuwa nimelala, kiti cha mbele, pembeni ya dereva. Kilichoniamsha ni changarawe chini ya matairi na mama mmoja wa sauti ya kwanza aliyekuwa macho, akimwita dereva kwa jina lake, mara mbili. Gari lilikuwa limeshaacha lami. Alipolirudisha liliyumba, likatoka tena, likasimama kwenye shamba la pamba, hatua chache kutoka kwenye kalavati. Mwimbaji mmoja alipasuka mdomo kwa kugonga kiti cha mbele yake. Basi. Mungu alitusitiri.

Dereva alishuka akakaa chini, mikono kichwani. Akaniambia, "Mkuu, sijalala tangu juzi. Nilikuwa na msiba wa kupeleka Kahama, nimeingia Mwanza saa 7 usiku, saa 10 mkanigongea. Hamkuniuliza."

Ni kweli, sikumuuliza. Kwa mwendo wa 80 gari linakula mita 22 kila sekunde. Akisinzia sekunde tatu, mita 66 zimepita na usukani hauna mtu. Nilikuwa na mpango wa chakula wa kurasa mbili, na sikuwa na swali moja kuhusu usingizi wa mtu aliyebeba roho 27.

Tangu siku ile naanza ratiba kutoka mwisho. Naandika kwanza saa ambayo gari lazima liwe limezimwa, yaani kabla ya giza, halafu narudi nyuma. Kinachoshindwa kuingia kinatoka, hata kama ni mamba wa Grumeti. Ziara ya Serengeti ya siku moja siku hizi natoka saa 12 asubuhi na naanza kurudi saa 8 mchana. Kikundi kikitaka zaidi, tunalala Lamadi au Bunda. Watu wananiambia tangu 2023 serikali imeruhusu mabasi kusafiri usiku. Ndiyo, imeruhusu. Ila ruhusa haimlazi dereva wako. Na safari inayozidi saa 8 taratibu za LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, zinataka madereva wawili. Msibishane na mwenye gari kwenye hilo, mwambieni tu aandike majina mawili.

Dereva naongea naye siku mbili kabla, ana kwa ana, mwenye gari akiwepo. Namuuliza alikuwa wapi jana, atakuwa wapi leo, atalala saa ngapi. Mwenye gari namwandikia kwenye mkataba kwamba siku inayotangulia safari yangu gari na dereva hawana kazi nyingine baada ya saa 10 jioni. Wapo waliokataa. Nikatafuta wengine.

Gari nalikagua jana yake, mchana, siyo alfajiri ya kuondoka watu wakiwa wameshabeba vyungu. Alfajiri huwezi kukataa gari. Hata ukiona tairi kipara utaona aibu, utasema tutafika tu. Kwenye ubavu wa tairi tafuteni tarakimu nne zilizo kwenye fremu ndogo mwishoni mwa herufi za DOT. 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Niliwahi kukutana na tairi lenye kashata (meno) nzuri kabisa lakini umri wake unamzidi mtoto wangu anayesoma darasa la tano. Mpira ulikuwa umepasukapasuka kama ngozi ya mjusi. Lile nililikataa. Kagueni na la spea. Fungueni mlango wa dharura kwa mkono wenu wenyewe, nimekuta uliofungwa kwa waya. Vuteni kila mkanda wa kiti. Mtungi wa kuzimia moto, mshale uwe kwenye kijani. Bima ihakikini kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, na faini za gari mtaziona kwenye mfumo wa Polisi. Gari lenye faini za mwendokasi zimejipanga, hilo limeshajieleza. Stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo ni jambo jema, lakini inasema gari lilikuwaje siku ile lilipokaguliwa.

Kitu kingine: vile viti vya kukunja vya katikati kwenye kosta siviuzi. Watu wakikaa pale njia ya kutokea haipo, aliye nyuma hana pa kupita hadi wa mbele wote wasimame wakunje. Fikirieni moshi ukiwa ndani.

Asubuhi kabla ya injini kuwaka nasimama mbele dakika tano. Naonyesha mlango, naonyesha nyundo ya kioo, naomba kila mtu afunge mkanda, kisha nasema mbele ya dereva akisikia: "Asiyefurahishwa na mwendo aniambie mimi, nami nitaongea na dereva." Hii inamsaidia hata yeye, kwa sababu hapigiwi kelele na watu 25. Na mimi silali. Chombo kikitembea niko macho, naongea naye.

Kuhesabu: hesabuni majina, siyo idadi. Mara moja tulihesabu 29 tukaondoka Lamadi, idadi imetimia, kumbe konda kampa lifti jamaa yake na bibi wa watu kabaki chooni. Sasa naita jina, mtu anaitika mwenyewe, haitikiwi na jirani.

Na mkisimama kununua samaki, simameni upande walipo wauza samaki. Mtoto akishuka na kuona samaki ng'ambo atapita nyuma ya basi na kutokea barabarani ghafla.

Nimeandika kirefu. Karibuni, hasa madereva.

Suka wa Kosta

Mkuu, nimesoma yote na nimekaa kimya kidogo kabla ya kuandika. Niko kwenye usukani mwaka wa 14. Haya ya usingizi hayasemwi.

Ngoja niwaambie upande wetu. Mnafika gesti Bunda, abiria wanagawiwa vyumba, dereva anaambiwa "wewe lala kwenye gari uangalie mizigo." Ukanda huu wa ziwa una mbu, gari lina joto, ukifungua kioo wanaingia, ukifunga unachemka. Unakesha unajipiga makofi. Asubuhi wanakuja wameoga, wanaimba, wanakuuliza mbona umenuna. Mlazeni dereva kitandani, na mlipieni mlinzi wa gari. Ni hela ya soda chache.

La pili, chakula. Mnamjazia pilau sahani ya mlima saa 8 mchana halafu mnamwambia tuondoke. Mimi naomba chakula kidogo na nusu saa ya kulaza kichwa. Kiongozi akiniruhusu hiyo nusu saa, nitamfikisha.

La tatu ni bosi. Anapiga simu ukiwa Magu: "Uko wapi, kesho saa 11 alfajiri kuna tripu nyingine." Mimi nikikataa peke yangu kesho gari anapewa mwingine. Kiongozi akichukua simu akamwambia "huyu amechoka, tunalala hapa," bosi anaelewa, kwa sababu hela iko kwa kiongozi. Msituachie sisi hiyo vita.

Na mwenyekiti wa kikundi anayenunulia dereva bia ili "achangamke", mshusheni yeye.

Kijana wa Igoma

Nawaheshimu wakubwa, ila semeni ukweli wote. Kulala siku mbili, dereva wa pili, viti vya katikati vikae wazi: bei inapanda. Watu wetu wa Mwanza siyo watalii wa kutoka Ulaya. Mama anayeuza dagaa Kirumba amejinyima miezi sita ili amwone simba. Ukimwambia aongeze, hatakwenda, au atakwenda kwa yule wa saa 10 alfajiri. Mtaua utalii wa ndani kwa masharti.

Mpanda Miamba (mleta uzi)

Mdogo wangu, hoja yako ni ya kweli na imenipotezea wateja. Nimepoteza vikundi viwili mwaka huu kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini angalia unapopunguza gharama. Punguza umbali, punguza vituo, usipunguze usingizi wala tairi. Bujora haifiki kilomita 20 kutoka mjini, hapo Kisesa tu, na watu wanacheza ngoma na kula na kurudi jua likiwaka. Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, iko mbele ya macho yetu, boti dakika chache na jaketi la kuokolea limefungwa kifuani, siyo limekaliwa. Yule mama wa dagaa akitaka simba, aanze kuchanga mapema zaidi na tuwe na basi kubwa linalogawa gharama kwa watu 50 badala ya 25. Nimefanya hivyo na kikundi cha Pasiansi. Walichanga miezi tisa.

Sote tunaikumbuka tarehe 6 Mei 2017 kule Rhotia, Karatu. Basi dogo, asubuhi ya mvua, mteremko, korongo. Walifariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva wao. Watoto watatu ndio walipona. Walikuwa wanakwenda kufanya mtihani, walikuwa na ratiba, na kuna mwenzetu mahali aliyeipanga kwa nia njema kabisa. Nilikuwa naanza kazi hii wakati ule. Hadi leo mvua ikishika kwenye mteremko naomba dereva aegeshe tusubiri, na anayenuna anune.

Mama Kikoba Buhongwa

Hamjambo wanangu. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu. Mwezi ujao tunakwenda Ukerewe kwa njia ya Bunda na Kisorya, tuko wanawake 28 na tumekodi kosta ya watu 29. Sasa wanachama wameanza kuniambia watakuja na watoto, "nitampakata tu." Nimehesabu wamefika tisa. Nikikataa nitaonekana nina roho mbaya, na wengine ni wakwe zangu. Nisemeje?

Mpanda Miamba (mleta uzi)

Shikamoo mama.

Mtoto ni abiria, ana jina kwenye orodha na ana kiti. Usiliweke kama katazo lako, liweke kwenye mchango: kila mtoto ana nauli, mwisho wa kulipa tarehe fulani, asiyelipiwa hana kiti. Hapo hesabu ndiyo inayosema, siyo wewe. Kwa watu 37 unahitaji basi kubwa, kosta imeshakataa yenyewe.

Kuhusu kupakata, waeleze hivi: gari likigonga kitu kwenye mwendo wa 80, mtoto wa kilo 10 anakutoka mikononi hata uwe umemkumbatia kwa mapenzi yote. Mikono haiwezi. Na ukiwa umemfungia ndani ya mkanda wako, mwili wako wote unamwangukia yeye.

Mkifika, watoto wasiachwe kuogelea popote tu kwa kuwa maji yametulia. Ziwa letu lina kichocho na sehemu nyingine lina mamba. Muulize mwenyeji wa pale pale kwanza.

Nesi wa Zamu

Naomba niongeze la kwetu maana tunawapokea wakiwa wameshaletwa.

Kwenye orodha ya majina andikeni ugonjwa na namba ya ndugu asiyesafiri. Ukanda wetu wa ziwa una selimundu (sikoseli) nyingi, kuna presha, kisukari, pumu, kifafa. Mgonjwa wa selimundu akikosa maji kwenye joto la Serengeti siku nzima anaweza kuanza maumivu makali jioni hiyo hiyo. Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye buti chini ya magodoro. Nakala ya orodha ibaki kwa mtu Mwanza, maana ajali ikitokea simu ya kiongozi inaweza kuwa ndiyo imepondeka.

Likitokea la kutokea, kumbukeni mambo machache. Anayepiga kelele anapumua, mfuateni kwanza aliyenyamaza. Damu inayotoka kwa nguvu ikandamizeni kwa khanga iliyokunjwa, mkandamize bila kuachia ili kuchungulia. Msimvute mtu kwa mikono kumtoa kwenye kiti kama hakuna moto wala maji, shingo inaweza kuwa imevunjika na mkaimalizia ninyi. Watu wawili watembee na pembetatu za tahadhari, mmoja kila upande, mbali kabisa na gari, kwa sababu lori linalokuja halijui kwamba mmesimama. Polisi ni 112, Zimamoto 114. Na kiongozi ajue kabla ya safari hospitali zilipo njiani, Magu, Bunda, na kwamba majeruhi wazito wataishia Bugando.

Kikundi kizima kinaweza kujifunza haya Jumamosi moja. Kuna manesi kwenye kila kwaya, watumieni.

Mama Kikoba Buhongwa

Asante mwanangu, asante nesi. Nimenakili. Swali la mwisho, kivuko. Wenzangu wanasema tukifika Kisorya tunabaki tumekaa ndani ya basi hadi Rugezi, ndiyo raha yenyewe, hakuna kunyeshewa.

Suka wa Kosta

Hapana mama. Shukeni wote kabla basi halijapanda kivuko. Abiria wanapanda kwa miguu, dereva anaingiza gari peke yake, handbreki juu, gia imeingizwa, kigingi kwenye tairi. Mkishavuka mnashuka kwa miguu vilevile, ndipo mnapanda basi nchi kavu. Chombo kikipata tatizo majini, aliye ndani ya basi yuko ndani ya boksi lililo ndani ya boksi jingine. Mkanda unaokuokoa barabarani unakufunga majini.

Na mkikuta kimejaa, subirini kinachofuata, hata kama konda wa basi anawahimiza. Huko huko Ukerewe, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikiwa inakaribia kabisa gati la Ukara. Walikufa zaidi ya watu 220. Ilikuwa siku ya gulio, kila mtu alitaka kuwahi nyumbani. Na sisi wa umri mkubwa kidogo bado tunaikumbuka MV Bukoba, iliyozama 21 Mei 1996 ikija hapa hapa Mwanza. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka watu wazima wakilia barabarani.

Mwambie dereva wenu ahesabu muda wa foleni ya kivuko kwenye ratiba, saa mbili nzima, ili asije akaifidia kwa kukanyaga mafuta akishatoka Rugezi.

Mama Kikoba Buhongwa

Wanangu, narudi na taarifa. Jana tumekaa kikao. Wanne wamewaacha watoto kwa bibi zao, watano wamewalipia. Tumebadilisha, tunachukua basi kubwa, na safari tumeisogeza mbele wiki tatu ili nyongeza ipatikane. Dada mmoja amejitoa kwa hasira, nitamfuata nyumbani kwake niongee naye. Dereva nimeshaonana naye, nimemuuliza analala saa ngapi, akacheka, akasema hajawahi kuulizwa. Nimemwekea chumba Nansio.

Gari linakuja kuegeshwa kwa jirani yangu siku moja kabla. Mleta uzi, kama uko mjini, naomba uje unionyeshe hizo tarakimu za tairi, macho yangu hayaoni vizuri.

Mpanda Miamba (mleta uzi)

Nitakuja mama. Nitumie tarehe inbox, nifike saa 9 alasiri jua likiwa bado lipo. Nitabeba na tochi ya kuangalia matairi ya ndani.